Nyekundu Haiguswi

Jumamosi saa tano asubuhi duka la rangi lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Mafundi wa nyumba waligombania brashi, mama mmoja alikuwa akirudisha kopo alilodai halifanani na ukuta wake, na mashine ya kutikisa makopo ilitetemesha kaunta nzima. Katikati ya fujo hiyo mwanamume mrefu, shati lake jeupe limepigwa pasi hadi kwenye vifungo vya mikono, aliweka juu ya kaunta kipande cha chuma kisichozidi kiganja.

"Nataka rangi hii," alisema.

Mchanganya rangi alikipokea. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na moja, amevaa koti la kazi la kijivu lenye madoa ya kila aina, na kilemba cha manjano kilichofungwa upande. Alikigeuza kile chuma mara mbili.

"Kaka, hii ni kutu."

"Chini ya kutu."

Alikwangua kwa ukucha. Chini ya kutu kulikuwa na kijani kizito, kama jani lililokauka kivulini.

"Umeitoa wapi?"

"Chini ya kiti cha dereva. Jua halikuwahi kufika pale. Ni rangi ya kiwandani, ya mwaka lori lilipotoka."

"Lori gani?"

"La vita. Lilibeba askari na mapipa ya maji kabla baba yangu hajazaliwa. Nalifufua."

"Na wewe ni nani, kamanda wa kikosi?"

"Mimi nakata lenzi za miwani."

"Haya, Kamanda wa Miwani, simama pembeni. Nyuma yako kuna watu wenye kuta zinazosubiri."

Foleni ilicheka. Yeye hakucheka, lakini alisimama pembeni kama alivyoambiwa, akasubiri dakika arobaini. Mchanganya rangi aliongeza nyeusi, kisha manjano ya udongo, kisha matone matatu ya buluu. Alichovya kijiti, akakilaza juu ya kile chuma, akarudi nyuma kidogo.

"Unaonaje?"

Alitazama kwa muda mrefu. "Wewe unaonaje?"

"Nimekuuliza wewe."

"Mimi nakuamini."

Kwa miaka tisa hakuna mteja aliyewahi kumwambia neno hilo kwenye kaunta ile. Kila mtu alibisha, kila mtu alikipeleka kijiti juani. Neno likamwingia. Hakujua kwamba halikuwa sifa. Mkata lenzi alikuwa akieleza hali halisi: kati ya nyekundu iliyoiva na kijani kizito, macho yake hayakuona tofauti yoyote. Zote mbili kwake zilikuwa hudhurungi moja. Alizaliwa hivyo. Mama yake alijua, na mama yake alikuwa amekufa. Kazini, ambako chumba cha pili kilikuwa na kitabu cha kupima macho ya rangi, alikariri majibu ya kurasa zote tangu wiki ya kwanza.

*

Simu zilianza wiki hiyo hiyo.

"Kamanda, rangi imekubali?"

"Imekubali."

"Hiyo tu? Nimekukorogea rangi ya vita mimi, hata asante yenye mkia hakuna?"

"Asante sana, Fundi. Njoo uione ikiwa mahali pake."

"Unanialika kuona lori."

"Ndiyo."

"Wenzio hualika watu kula."

"Hata kula tutakula. Lori kwanza."

Keshia wa duka, shoga yake wa siku nyingi, alikuwa amesogeza sikio. "Huyo anakutaka au anataka punguzo?"

"Na wewe hesabu chenji za watu."

Hata hivyo mchanganya rangi alienda. Banda la lori lilikuwa nyuma ya yadi ya matofali, paa la bati, sakafu iliyofagiliwa kuliko jikoni kwa watu. Lori lilisimama katikati, pua ndefu, taa mbili za mviringo, bila turubai bado, na mbavu zake za chuma zilionekana juu kama za mnyama aliyekonda. Kulikuwa na harufu ya dizeli, msasa na chuma chenye baridi. Kila spana ilikuwa imechorewa umbo lake ukutani, na kwenye rafu kila kopo lilikuwa na nafasi yake isiyobadilika.

Kaka yake mkubwa naye alikuwepo, dereva wa jeshi aliyestaafu, mtu mfupi mwenye shingo nene aliyeitwa Sajini hata na wanawe wanne.

"Karibu, shemeji," alisema Sajini.

"Mbona mapema hivyo?"

"Jeshini tunatangulia."

Mkata lenzi alimtembeza mgeni wake kulizunguka gari zima. Alipofika kwenye gurudumu la mbele sauti yake ilibadilika, ikawa ya mwalimu. Ringi ya lori lile, alimweleza, ni vipande viwili vilivyokutanishwa. Duara la nje la nati kumi na mbili ndilo linalovibana visiachane. Duara la ndani la nati sita ndilo linaloshika gurudumu kwenye ekseli.

"Ukitaka kutoa gurudumu unafungua za ndani. Sita tu."

"Nikifungua za nje?"

"Kama tairi halina upepo, ringi inaachana kama sahani mbili. Kama lina upepo..."

"Enhe?"

"Upepo unaifungua wenyewe. Aliye mbele yake hawahi kusikia mlio."

"Ndiyo maana za nje zilipakwa nyekundu," alisema Sajini. "Tuliimbishwa asubuhi na jioni: nyekundu haiguswi. Sio kuhesabu, sio kufikiri. Mkono unaangalia rangi. Kuna mwenzetu mmoja gizani hakuona rangi vizuri."

"Ikawaje?"

Sajini aliokota tambara, akafuta mikono iliyokuwa safi tayari. "Tulimzika uso umefunikwa."

Nati zilikuwa bado chuma kitupu wakati huo, zimepigwa msasa. Wiki iliyofuata mkata lenzi aliagiza makopo mawili madogo ya rangi ngumu ya chuma, moja nyekundu na moja kijani, ya ukubwa mmoja. Mchanganya rangi aliyafunga, akachovya kidole katika kila moja na kugusa kifuniko chake. Hiyo ilikuwa desturi ya duka.

"Huandiki?" aliuliza mkata lenzi.

"Niandike nini, Kamanda? Si unaona?"

Angeweza kusema pale pale. Nyuma yake kulikuwa na watu sita. "Naona," alisema.

Aliyapeleka bandani akiwa ameyashika kila moja katika mkono ule ule aliowekewa na kutajiwa rangi yake kauntani, akayaweka kwenye rafu juu ya meza ya kazi. Kulia nyekundu. Kushoto kijani. Ndivyo alivyoishi tangu utotoni: kila kitu kwa nafasi yake.

*

Jumapili alasiri mchanganya rangi alikuja bila kutarajiwa. Mvua ilikuwa imekatika. Alisimama mlangoni mwa banda akiwa na gauni jipya la kitambaa chepesi, limebana kiunoni na kuachia chini ya magoti, jekundu lililoiva kama divai. Alikuwa amelinunua kwa ajili ya siku hiyo. Shingo ilikuwa wazi na nywele zimefungwa nyuma.

Mkata lenzi aliweka spana chini, na hakuiweka mahali pake ukutani.

"Umependeza," alisema.

"Hiyo tu?"

"Umependeza mpaka nimesahau kazi iliyobaki."

"Hapo sasa. Nikae wapi? Hapa kila kitu kina oili."

Alimpangusia meza ya kazi. Alipopanda, kichwa chake kiligonga rafu. Akacheka, akayashusha yale makopo mawili yasimwangukie, na walikaa pale hadi jua lilipoanza kushuka, wakizungumza na kunyamaza. Alipoondoka aliyarudisha makopo juu. Alikuwa mtu nadhifu. Aliyapanga sawasawa, yakiwa yametazama mbele, umbali ule ule kati yao. Kijani kikawa kulia.

Jumatatu baada ya kazi mkata lenzi alipaka nati za magurudumu yote sita. Alifanya kwa brashi namba mbili, mkono hautetemeki, bila tone kupita mstari. Sajini aliyaona siku chache baadaye.

"Hawa waliotengeneza lori lako wamegeuza? Mbona nyekundu ziko ndani?"

Mkata lenzi alikuwa amepinda juu ya injini. Alijua kwamba kaka yake husahau mambo, na alijua kwamba yeye mwenyewe hasahau nafasi ya kitu. Hakuinua kichwa. "Nimefuata kitabu, kaka. Nyekundu ni nyekundu."

"Basi sawa," alisema Sajini, ambaye kwa miaka ishirini na mbili hakuwahi kubishana na kitabu.

*

Ugomvi ulikuja kwa simu siku iliyofuata.

"Mpenzi, Jumapili tukatembee. Vaa lile gauni la kijani."

"Gauni gani la kijani?"

"Lile ulilonijia nalo bandani."



"Sina gauni la kijani."

Mkata lenzi alijua palepale alichokosea. Alikuwa amebahatisha, kama alivyobahatisha maisha yake yote, na safari hii bahati ilikataa. Njia zilikuwa mbili. Aliona ile ya kweli waziwazi, akaona mwisho wake: mwanamke anayeishi kwa rangi, na mwanamume ambaye kwake kazi yote ya mwanamke huyo ni tope.

"Labda nimekosea," alisema.

"Umenikosea na nani?"

"Hakuna mtu."

"Gauni nililonunua kwa ajili yako, ukalitazama saa tatu nzima. Usiniambie hukuliona. Uliliona, ila kichwani una la mwingine. Anapendeza, huyo wa kijani?"

"Sikiliza..."

"Nasikiliza. Sema."

 Mkata lenzi alisikia pumzi yake, kisha mlio wa simu iliyokatwa.

Wiki tatu zilipita. Mkata lenzi aliandika ujumbe na kuufuta. Mchanganya rangi hakuandika. Dukani alichanganya rangi za watu kwa haraka na bila makosa, na keshia, ambaye hakuwahi kunyamaza kwa saa moja mfululizo, alijifunza kunyamaza.

*

Siku ya maonyesho ya magari ya zamani ilikuwa Jumamosi. Saa mbili asubuhi duka lilikuwa bado halijachangamka. Keshia aliinua simu yake.

"Sitaki kukuudhi, shoga yangu. Ila Kamanda wako, watu wa maonyesho wamemtangaza. Tazama lori lilivyotoka. Rangi yako inameta!"

"Sitaki kuliona."

Lakini alitazama. Kwanza alitazama rangi ya bodi, kwa sababu ilikuwa kazi yake, na ilikuwa sahihi. Kisha akakuza picha kwa vidole viwili. Gurudumu la mbele lilijaa kwenye kioo cha simu. Nati sita za ndani zilikuwa nyekundu. Kumi na mbili za nje zilikuwa kijani.

Alizihesabu mara mbili.

Mtu anayeipanga spana kwa kivuli chake ukutani hakosei duara. Isipokuwa kama hakuona. Na kama hakuona hizi, basi hata siku ile, bandani, amekaa juu ya meza...

"Mungu wangu," alisema. "Lilikuwa hilo hilo gauni langu."

"Gauni gani tena?"

Alikuwa ameshapiga simu. Iliita hadi ikakata. Akapiga tena. Simu ilikuwa mfukoni mwa koti, koti lilikuwa kwenye msumari, na mwenye koti alikuwa amelala chali chini ya lori, kwa sababu asubuhi hiyo Sajini alikuwa ameona mafuta ya breki yakivuja nyuma ya gurudumu la mbele la kushoto.

"Litoke hilo gurudumu tuone," alikuwa amesema mkata lenzi kutoka chini. "Jeki imeshika?"

"Imeshika."

"Haya, legeza nati. Mimi nakagua bomba hapa."

Sajini alichuchumaa mbele ya gurudumu. Tairi lilikuwa limejaa upepo wa safari. Aliona nyekundu, mkono ukaziruka. Ukaenda kwenye kijani.

Pikipiki ilimfikisha mchanganya rangi yadi ya matofali kwa dakika tisa. Alikimbia sehemu iliyobaki, koti la kazi likipepea. Kutoka mlangoni alimwona Sajini, goti moja chini, uso wake sentimita arobaini kutoka kwenye ringi, anaizungusha spana kwa uzito wa mwili wote.

"Sajini! Weka spana chini!"

Askari huyatii masikio yake kabla ya akili. Spana ilisimama.

"Usiinuke mbele yake. Rudi pembeni. Kwa upande. Hivyo hivyo."

"Shemeji, kuna nini?"

"Umelegeza ngapi?"

"Tano. Za kijani."

"Hizo ndizo za nje. Ndizo nyekundu. Zimepakwa kinyume."

"Amefuata kitabu."

"Sajini, rangi nilichanganya mimi."

Mkata lenzi alijivuta kutoka chini ya lori, shati lina mstari mweusi mgongoni. Alimtazama mwanamke ambaye hakumwona kwa wiki tatu, kisha akalitazama gurudumu. Aliona nati kumi na nane za rangi moja. Akahesabu zilizotoka mahali pake. Tano, zote duara la nje, zote upande mmoja.

"Tuzikaze tena?" aliuliza Sajini.

"Bolti zilizobaki zimebeba mzigo wa wenzao. Ukizigusa hujui ipi itakatika. Itolewe upepo."

"Nitatoa mimi."

"Una watoto wanne."

"Na wewe?"

"Mimi bado sijaanza." Alienda kwenye msumari, akachukua simu, akaona jina la mchanganya rangi mara kumi na moja. "Kaka, ondoa watu wa yadi. Mpeleke nyuma ya ukuta wa tangi."

"Siendi," alisema mchanganya rangi.

"Nenda, nitakupigia."

*

Ukuta wa tangi la maji ulikuwa wa zege. Simu ikaita.

"Niko kando ya tairi," alisema. "Si mbele. Nimelala. Mkono tu ndio unaofika kwenye valvu."

"Mkono ni wako pia."

"Nafungua sasa."

Sauti ilianza, nyembamba, ya nyoka aliyekanyagwa asiyekubali kufa. Sajini alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, anautazama mkono wake wa kulia.

"Itachukua muda gani?"

"Dakika nane. Tisa."

"Ongea na mimi."

"Niseme nini?"

"Ulichokataa kusema."

Nyoka aliendelea. "Sioni nyekundu," alisema mkata lenzi. "Wala kijani. Sijawahi. Nyinyi mnasema ni mbili, kwangu ni moja. Hakuna mwanamke mwingine. Gauni lilikuwa lako. Nililiona vizuri sana, ila rangi yake nilibahatisha."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu saa mbili na robo. Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Pale dukani kwako mimi ni kiziwi aliyekwenda ngomani. Nilidhani ukijua utacheka. Au utanihurumia, ambayo ni mbaya zaidi."

"Kwa hiyo ukaona afadhali nidhani wewe ni malaya."

"Ndiyo."

"Wewe ni mjinga, Kamanda."

"Ndiyo. Makopo sijui nilikosea wapi. Kulia ilikuwa nyekundu."

Mchanganya rangi alifumba macho. Aliuona tena mkono wake mwenyewe ukiyarudisha rafuni, nadhifu. "Niliyashusha mimi," alisema. "Siku ile. Mimi ndiye niliyeyageuza. Na mimi ndiye niliyekataa kuandika."

Kwenye simu kulisikika mlio mfupi, kama jino linalovunja mfupa.

"Nini hicho?"

Aliibana simu sikioni kwa mikono miwili.

"Nini hicho? Sema!"

"Bolti."

"Imekatika?"

"Moja. Zingine zimeshika. Usikate simu."

"Sikati."

"Sema chochote."

Alisema chochote. Alimwambia buluu inachanganywaje isichafuke, na kwamba nyeupe ziko kumi na moja na wateja hudhani ni moja, na kwamba kila kopo analofunga hulitikisa karibu na sikio ili asikie kama limekubali. Alisema mpaka koo likakauka. Sauti ya nyoka ilishuka, ikawa pumzi, ikawa hakuna.

"Limekwisha," alisema mkata lenzi.

*

Hawakwenda kwenye maonyesho. Sajini aliwekewa kikombe cha chai mezani, akakiacha, kwa sababu mkono wa kulia haukutaka kukishika. Aliiokota ile bolti iliyokatika, akaitia mfukoni, akaenda nyumbani kwa wanawe bila kuaga.

Mchanganya rangi alikwangua kila nati ya magurudumu yote sita hadi chuma, akazipaka upya mwenyewe. Kisha akachukua msumari na kuchimba herufi kwenye vifuniko viwili. NYEKUNDU. KIJANI.

"Utaniandikia kila kopo?" aliuliza mkata lenzi. Alikuwa amekaa juu ya tairi la akiba, mkono uliofungua valvu umelala gotini kama kitu cha mtu mwingine.

"Nikiwa mbali nani atakuandikia?"

"Basi usiwe mbali. Tuoane."

"Hiyo ni posa au unatafuta karani?"

"Posa. Nimeifikiria dakika tisa, zote nimelala pale."

 Mchanganya rangi alifungua vifungo vya koti la kazi, akalivua, akalitundika kwenye msumari juu ya koti la mkata lenzi. Chini yake alikuwa na gauni ambalo mkata lenzi hakuwahi kuliona, la mikono mifupi, lenye mkunjo kifuani. Akasimama mbele yake, kwenye mwanga wa mlango.

"Nitakujibu. Kwanza niambie, nimevaa rangi gani?"

Alitazama. Kichwani yalikuja majibu matatu, kila moja na uwezekano wake, kama yalivyomjia maisha yote. Nyuma yao, jeki ililia kidogo chini ya uzito wa lori.

"Sijui," alisema. "Niambie."

"Kijani," alisema mchanganya rangi. "Nililinunua wiki tulipogombana. Nilitaka kumjua huyo mwanamke anafananaje."